Safu ya Maelezo

Saa moja asubuhi, saa kumi na moja jioni,
nasimama darajani Bahi na daftari la ofisi ya bonde.
Mtoni kuna ubao wa chuma wenye namba.
Mita moja nukta mbili. Naandika.
Mita moja nukta mbili. Naandika tena.
Kulia kabisa kuna safu iitwayo Maelezo.
Miaka sita niliiacha nyeupe.

Shangazi Sechelela hakuwa na daftari,
alikuwa na kwera.
Kabla ya kifuku aliingia kwenye matete, tope magotini,
akapima kiota kwa mwili wake:
usawa wa kiwiko, mto utalala;
usawa wa bega, mto utaamka;
kikipita utosi, hamisha kihenge, hamisha na mbuzi.
Mimi sikumbuki akikosea.
Yeye anakumbuka, mara mbili, na miaka anaitaja.

Mwaka ule kwera walijenga usawa wa kiwiko.
Akapanda bondeni, majaruba yote manne,
kwa mbegu ya mkopo wa kikoba.
Januari ikakauka kama ngozi ya ngoma.
Februari haikuwa na wingu hata la kuazima.
Kisha usiku mmoja, nyota zote zikiwa kazini,
mto ukaja.
Wahenga waliuita Bubu; usiku ule ulisema.
Mvua uliiacha huko huko Kondoa,
ukaja na magogo, na mlango wa choo cha mtu,
na mngurumo wa treni ya mizigo isiyo na reli.

Kulipokucha ubao wangu haukuonekana.
Nikaandika: haukusomeka.

Nilimkuta shangazi majini, kanga kifuani,
nikadhani anaokota mpunga.
Alikuwa anaokota viota.
Kumi na saba ndani ya ungo,
vingine na makinda, midomo wazi, tope ndani.
"Tazama," akasema, "naye alipanda bondeni."
Vijana waliosimama tutani wakacheka:
dalili zako zimekufa, mama, nunua redio.
Hakuwajibu. Aliniambia mimi, taratibu,
kama mtu anayehesabu chenji:
"Kwera hakunidanganya. Kwera kadanganywa.
Tulikuwa tunasoma barua moja,
na mwenye kuiandika kabadili mwandiko."

Redio alikuwa nayo.
Ilisema mvua za wastani, kanda ya kati.
Kanda ya kati ni pana;
redio haikulijua jaruba la Sechelela.

Siku hizi, jua likizama, anawasha kisimu cha tochi
na kumpigia wifi yake Nyemo, aliyeolewa Farkwa.
"Mbukwa. Mto umevaa nini leo?"
Nyemo anatoka nje, anatazama.
Povu jeupe, laleni.
Povu la kahawia lenye vijiti, hesabuni usiku mmoja.
Harufu ya udongo usio wa kwetu,
msihesabu.
Wamekosea pia, hao wawili. Machi iliyopita
tulilala na mbuzi juu ya tuta la reli, bure, mto haukuja.
Shangazi alicheka mpaka akakohoa.
"Andika na hilo," akaniambia.

Naandika. Safu ya Maelezo, kalamu ya bluu:
Povu la kahawia Farkwa, saa kumi na mbili jioni.
Kwera usawa wa bega, ila wamejenga na kubomoa mara mbili.
Chura wa mchangani kimya tangu Jumanne.

Mwezi uliopita daftari lilirudi kutoka ofisini.
Mtu kapiga mstari mwekundu juu ya chura.
Kwera kamwacha. Kwenye povu, pembeni,
kaweka alama ya kuuliza.

Shangazi hasomi. Aliweka kidole pale.
"Na hili sikio ni la nini?"
Ni swali, nikamwambia.
Akaitazama muda, kichwa kimeinama upande mmoja.
"Basi mjibu.
Mwambie aje, na avae viatu vya tope.
Na huyo chura," akasema akiondoka,
"mrudishe."